Ngamia wa Ukutani

Jumatatu, 25 Februari 2013, Kakuma
Ukuta wa ghala la zamani hapo sokoni umepakwa chokaa tangu asubuhi. Vumbi likageuka jeupe, likaingia kwa unga wangu wa mandazi. Mwalimu wa gumbaru anayetufundisha watu wazima alisema niandike kila siku, hata mstari mmoja, herufi zisinitoroke tena kama zilivyonitoroka nilipotolewa darasa la tatu. Basi, hiyo ni mistari miwili na zaidi.

Jumatano, 27 Februari
Joto. Binti yangu Awoi ana kikohozi. Amesema si kitu. Kila kitu kwake si kitu.

Ijumaa, 1 Machi
Sasa tumejua kazi ya ule ukuta. Msichana wa shirika, anaitwa Chelangat, amekuja na ndoo za rangi na kijana wa kambi ya wakimbizi, Mayen, fundi wa kuchora. Mayen amesimama juu ya meza siku mbili akichora ngamia mmoja tu. Ni mkubwa kuliko lori. Mkia uko kwa mwuza nyama, kichwa kinafika kwa kibanda chetu. Nasema chetu kwa sababu ni changu na Nyariek. Mimi nauza chai na mandazi, yeye Mnuer wa Sudan Kusini anayeishi kambini anauza samaki mkavu, na kivuli ni kimoja. Tumekaa hivyo miaka sita, na harufu ya samaki imeingia hata kwa sukari.

Chelangat akaita watu, akasema, "Huyu ngamia ni wa kila mtu. Kila nyumba ije iweke alama yake ubavuni, kama mnavyotia mifugo alama. Mturkana, mkimbizi, Msomali, hata askari. Kura inakuja, tunataka watu wakae pamoja hapa kabla maneno hayajawatenganisha. Sheria ni moja: hakuna kufuta. Unaongeza tu."

Mzee Lokiru, mwenyekiti wa soko, alimzunguka huyo ngamia wa rangi kama mtu anayetaka kununua. Akauliza, "Binti yangu, ngamia mwenye alama mia, unajua ni ngamia wa namna gani?"

"Wa amani, mzee."

"Ni ngamia aliyeibwa mara mia."

Soko lote likacheka. Hata Chelangat alicheka, na mimi nilicheka nikashika meza.

Jumatatu, 4 Machi
Tumepiga kura. Foleni tangu giza. Miguu imevimba.

Jumamosi, 9 Machi
Ukuta unajaa. Kwetu alama ya moto ndiyo jina la mnyama. Mtoto anazijua alama kabla hajajua kuhesabu vidole, akiona ubavu anajua ni ukoo gani. Kwa hiyo watu wetu hawakuhitaji kufundishwa. Walikuja na vijiti, wakachovya, wakaweka duara zao na misalaba yao, wakarudi nyuma kutazama kama mnyama amesimama vizuri.

Nyariek hana alama ya moto. Alichora pembe za fahali wa baba yake, moja inaenda mbele na moja inarudi nyuma. Lokiru akamwambia, "Huyu anaelekea wapi sasa? Pembe moja Juba, ingine Lodwar."

"Ng'ombe wa kwetu hasikilizi mtu mmoja, mzee."

Yule Mkongo fundi wa nguo alichora cherehani. "Na hiyo inakula nyasi gani?" Lokiru akamwuliza. "Inakula kitambaa, mzee wangu, na inaharisha nyuzi." Nimekaa soko hili miaka mingi, sijawahi kuona watu wa kambini na watu wa mji wakisimama mahali pamoja bila kugombania maji.

Alhamisi, 14 Machi
Naandika hii kwa woga, na pengine ni upuzi wangu tu. Mimi ni mtu wa kuogopa. Marehemu mume wangu alisema nitaogopa hata kaburini.

Leo Awoi alichukua rangi ya buluu, akachora. Ana miaka kumi na saba, mkono wake hautikisiki. Nilidhani ataweka alama ya baba yake. Aliweka mwezi mwandamo, umelala chali, na chini yake mistari miwili.

Nikauliza, "Hiyo ni ya nani?"

"Ya Nakwang." Nakwang ni yule ngamia mweupe tunayekamua.

"Nakwang hana alama hiyo."

"Alikuja nayo, mama. Ile ingine mjomba aliongeza baadaye. Mimi napenda hii, ndiyo ya kwake mwenyewe."

Nikamwambia anyamaze. Akanitazama kama mtu aliyesemeshwa kwa lugha ya mbali.

Sijawahi kuandika habari ya mwaka wa njaa, 2011, lakini leo niandike. Mbuzi wetu walikwisha wote. Awoi alikuwa mifupa na macho, nywele zinang'oka nikimsuka. Nilikuwa nimeanza kumtazama vile mtu anatazama mgonjwa asiyemtarajia tena. Ndipo kaka yangu Ethuro akatoka upande wa Lokiriama na ngamia mweupe anayenyonyesha, akasema amepewa na rafiki. Tulikunywa. Awoi akapata damu tena usoni.

Mvua ilipokuja, Ethuro akawasha moto, akapasha chuma. Mwezi akaufunga ukawa duara, mistari miwili akaongeza wa tatu. Ikawa alama ya baba yetu. Kamba nilishika mimi. Nywele za ngamia ziliungua zikanuka mpaka kesho yake. Sikuuliza neno. Mtu akishiba maziwa haulizi ubavu.

Huyo rafiki wa Lokiriama sijawahi kumwona.

Ijumaa, 22 Machi
Mvua ya kwanza. Laga, ule mto wetu wa mchanga, limepita maji kidogo, likakauka. Ukuta haukuosheka. Mayen anasema ni rangi ya mafuta. Nilikuwa nimetumaini maji.

Jumanne, 26 Machi
Amekuja.

Mama mzee, anaitwa Akuwam, ameleta ngozi kuuza. Shanga zimejaa shingoni lakini kichwa amekinyoa kama mtu wa msiba. Alikaa kwa benchi langu. "Ejok," akanisalimu, nikajibu, nikampa chai. Akanywa kikombe, akaomba cha pili. "Chai yako ina maziwa ya kweli, Mama. Mahali pengine ni maji yamepakwa rangi."

Nikauliza anatoka wapi. Akasema, Lokiriama.

Nilijishughulisha na moto. Nilipoinuka alikuwa mbele ya ukuta, kiganja kiko juu ya ule mwezi wa buluu. Alisimama hapo mpaka chai ikapoa.

"Nani amechora hii?"

Nikasema, "Watu wengi wanachora, mama yangu. Watoto wanapita tu." Awoi alikuwa ng'ambo ya laga akikamua. Nilimshukuru Mungu kwa hilo, halafu nikaona aibu kumshukuru.

Akarudi akakaa. Alizungumza polepole, kama mtu anayetoa miiba mguuni. "Hii ni ya nyumba yetu. Yetu na ya ndugu wa mume wangu, basi. Hapa Kakuma hatuna mtu. Mwaka wa njaa walichukuliwa ngamia watatu kisimani. Aliyekuwa akichunga ni mwanangu wa mwisho. Ngamia hawakupatikana. Yeye tulimpata."

Jina hakulitaja, na mimi sikuuliza. Jina la aliyelala halitupwi sokoni.

"Nitakaa kwa binamu yangu hapa mjini," akasema. "Nitauliza pole pole." Akamaliza chai baridi. Mpaka tone la mwisho alilimaliza.

Jumatano, 27 Machi
Nilivuka laga nikaenda bomani kwa Ethuro. Alikuwa akitoa kupe mguuni mwa ndama. Nikamwambia yote. Hakuinua uso.

"Yule rafiki wa Lokiriama ni nani?" nikauliza. Miaka miwili nimechelewa kuuliza.

"Sasa unataka jina la nini?"

"Ethuro, kuna mtoto wa mtu alikufa."

"Kuna mtoto wa mtu alipona pia. Rudi kwa chai yako. Nyamaza tu. Ukuta ni ukuta. Mama mzee atauza ngozi, ataenda."

Nakwang alikuja akaninusa nywele. Huwa ananifanyia hivyo.

Alhamisi, 28 Machi
Sikuweza kunyamaza. Sikulala. Niliona kila mtu anayepita anasoma ule ukuta, na wote wanasoma mahali pamoja. Sheria inasema hakuna kufuta, unaongeza tu. Nikajiambia, basi nitaongeza.

Mchana, soko likiwa limelala kwa joto, nikaomba rangi ya buluu. Chelangat akafurahi kabisa. "Mama Awoi, siku zote umekataa. Leo ndiyo leo." Akanishikia ndoo. Nikaufunga mwezi ukawa duara. Nikaweka mstari wa tatu. Mkono haukutetemeka hata kidogo.

Nyariek alikuwa akipanga samaki. Akaacha. "Unafanya nini?"

"Naongeza."

Alinitazama sana. Halafu kwa sauti ya chini, Chelangat asisikie: "Dada yangu, hata kwetu mwizi anaongeza."

Rangi ilikuwa bado mbichi. Nilisimama na kile kijiti mkononi, sikujua pa kukiweka.

Ijumaa, 29 Machi, Ijumaa Kuu
Watu walikuwa wakitoka kanisani wamejaa sokoni. Akuwam alikuja na binamu yake. Akaenda moja kwa moja kwa ukuta. Hakupiga kelele. Kama angepiga kelele ningepata kitu cha kumjibu.

"Jana asubuhi hii ilikuwa yetu," akasema. "Leo ni ya nani?"

Watu wakasogea. Kila mtu hapa amekua akitazama mbavu za wanyama. Wakaona buluu kavu na buluu mpya.

Nikasema, "Ni ya baba yangu."

"Wewe ndiye umeifunga?"

"Ni mchezo wa rangi tu, mama."

"Sikukuuliza kama ni mchezo. Nauliza nani alikufundisha kuifunga hivyo. Mtu anayebahatisha angepiga msalaba juu, ingetosha. Wewe umefuata mwezi mpaka chini, umeweka wa tatu mahali pake. Mkono wako umeona hii ikifanywa kwa moto."

Nilimtazama mzee Lokiru aseme kitu, afanye mzaha kama siku zote. Alivua kofia akatazama ndani yake.

Awoi akatokea katikati ya watu na mtungi wa maziwa. Hakujua lolote. Akaona alama, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mama, kwa nini umeiharibu ya Nakwang?"

Akuwam akamgeukia. "Nakwang ni nani, mtoto wangu?"

Jumanne, 2 Aprili
Kikao kwa chifu, chini ya mabati. Pasaka ilipita sijui ilipita vipi.

Walimleta Nakwang. Lokiru akaomba maji, akamlowesha ubavu, akalaza nywele kwa kiganja. Hapo kila mtu aliona: kovu la zamani limetulia ndani ya ngozi, la juu yake ni la juzi. Mwezi na mistari miwili vilisimama peke yake kama vimeandikwa jana. Akuwam hakukaribia. Alisema tu, "Ndiye. Walipomchukua alikuwa akinyonyesha, na mimba ya pili tumboni." Wazee hawakumwuliza zaidi.

Ethuro alisema alinunua. Kwa nani? Kwa mtu. Mtu gani? Mtu wa njiani.

Wakamwita Awoi. Aliulizwa ngamia alikuja na alama gani, akasema. Ni nani aliongeza, akasema. Nani mwingine alikuwepo. Awoi akanitazama. Mtoto huyu sikuwahi kumfundisha kusema uongo, sikuona kama ingehitajika.

"Mama alishika kamba," akasema.

Wakaniita mimi. Ethuro alikuwa amechuchumaa mbele yangu kabisa, ningeweza kumgusa bega. Huyu ndiye aliyenibeba mgongoni kuvuka laga nilipokuwa mdogo. Nikifumba mdomo, ni neno la mtoto tu, na la mtoto linaweza kupingwa. Kila mtu alijua hivyo. Akuwam alijua. Alikuwa akinitazama mikono, si uso.

Nikasema, "Ndiyo, nilishika."

Ethuro akatoa pumzi. Basi.

Wazee wakaamua ngamia arudi kwa Akuwam pamoja na ndama wake wawili. Ya damu ina kikao kingine, ya wazee wa pande zote mbili. Lakini askari hawakungojea kikao. Wamempeleka Ethuro mahabusu Lodwar.

Jumatano, 3 Aprili
Mvua. Sikufungua kibanda.

Alhamisi, 4 Aprili
Mvua.

Jumapili, 7 Aprili
Laga limejaa kutoka ukingo hadi ukingo, miti inapita imelala. Nyariek hawezi kuvuka kutoka kambini. Nimeuza chai ya rangi, isiyo na maziwa. Watu wa mji wanakunywa wakiwa wamesimama, hawakai.

Jumatano, 10 Aprili
Watu hawaji tena kuchora. Wanakuja kusoma. Wanaume wawili wametoka Nakalale kwa miguu, wametembea ubavu wote wa yule ngamia, kidole kwa kila alama, wakitafuta ya kwao. Mtu mmoja wa hapa mjini amesimama mbele ya alama yake tangu asubuhi ili isitazamwe.

Chelangat amekaa kwa benchi langu. Macho mekundu. "Mama, ofisi inasema tupake chokaa tena, yaishe."

Lokiru akamsikia. "Hapana, binti yangu. Ulisema hakuna kufuta."

"Nilisema kwa ajili ya amani, mzee."

"Sisi tulisikia ulivyosema."

Nikampa chai ya bure. Baba yake pia alikuwa na ng'ombe, aliniambia, lakini yeye amekulia shule za bweni. Hakujua anatupa nini mkononi.

Jumanne, 16 Aprili, Lodwar
Nimekuja kumwona Ethuro. Mto Turkwel umejaa, maji ya kahawia yamefika kwenye mikoma. Nililala kwa mama mmoja wa kanisa. Kule mahabusu wanaruhusu dakika chache.

Amekonda. Nilimletea mandazi, akayashika bila kula.

"Fimbo ilikuwa ya wengine," akasema. "Mimi nilishika wanyama."

"Ulijua amekufa?"

"Nilijua hakuamka."

Askari alikuwa akisikiliza, nikaogopa. Ethuro hakuogopa. "Ulikunywa, Akoru," akasema. "Mtoto wako alikunywa. Wewe ulishika kamba. Mbona niko hapa peke yangu?"

Nimetafuta jibu tangu hapo mpaka saa hii. Nimejiambia sikujua. Lakini mtu asiyejua angeuliza.

Jumamosi, 20 Aprili, Kakuma
Akuwam bado yuko. Ngamia hakubali kukamuliwa. Akuwam akimshika kiwele anabana, hateremshi hata tone la maziwa, analia akiitafuta sauti ya Awoi. Ndama ananyonya kidogo tu, amelegea. Miaka miwili mkono wa Awoi tu ndio umemgusa.

Jumanne, 23 Aprili
Akuwam alikuja kwa kibanda, akakaa pale alipokaa mara ya kwanza. Nyariek akainuka akaenda kutazama samaki ambao hawakuwa na haja ya kutazamwa.

"Nipe msichana," akasema Akuwam.

Nikasema, "Mtoto wangu hakufanya kosa."

"Najua. Simtaki kwa kulipiza. Aje Lokiriama na ngamia, akae mpaka ngamia azoee mkono wangu. Halafu arudi."

"Na watu wa nyumba yako? Wale wanaume?"

"Mkono wangu utakuwa juu yake."

"Nimeuliza wanaume."

Alifikiria. Angeweza kunidanganya, nami ningepumzika. "Wanaume sijui," akasema. "Wana uchungu. Mimi nitalala mlangoni."

Nikasema hapana. Nikasema nitatoa mbuzi wangu wote watatu, nitatoa kibanda, amchukue mtu mwingine. Awoi alikuwa nyuma yangu akiosha vikombe.

"Mama," akasema, "ndama atakufa."

"Acha afe."

Nilisema hivyo. Mama wa yule kijana aliyekufa alisikia. Vikombe vikaendelea kuoshwa mpaka vikaisha.

Jumatano, 24 Aprili
Nyariek amesema kwao msichana akipelekwa kwa wafiwa huwa harudi yule yule. Halafu akasema nisimsikilize, hajalala vizuri. Awoi anakohoa tena. Nimempaka mafuta kifuani, ameniacha nimpake kama mtoto.

Jumamosi, 27 Aprili
Mwishowe nilikubali, Awoi mwenyewe ndiye alitaka kwenda. Wameondoka alfajiri, Akuwam, binamu yake, ngamia na watoto wawili, na Awoi mbele akiimba ule wimbo wa kumtuliza Nakwang. Nimempa shuka, dawa ya kikohozi, viatu vyangu vya raba. Nilimwambia asilale karibu na mlango, asiende kisimani peke yake, asijibu maneno ya wanaume. Akasema, "Ndiyo mama, ndiyo mama."

Akuwam hakuaga. Alisimama mbele yangu kidogo, akaangalia mikono yangu tena, akaenda.

Jumatatu, 29 Aprili
Hakuna habari.

Ijumaa, 3 Mei
Hakuna habari. Mvua usiku. Njia ya Lokiriama imekatika, wanasema.

Jumanne, 7 Mei
Kesi ya Ethuro imeahirishwa. Nilituma sabuni na soksi. Soksi zimerudishwa.

Jumatano, 15 Mei
Jua limerudi, majani yameota mpaka kando ya ukuta, mbuzi wanakula chini ya tumbo la yule ngamia. Nyariek amesema nile. Nimekula.

Jumapili, 19 Mei
Nimesimama mbele ya ukuta leo, soko likiwa tupu. Nimejaribu kuona ule mwezi ndani ya duara langu. Ukijua ulipo unauona. Nimeondoka kabla mtu hajanikuta.

Alhamisi, 30 Mei
Lori la ngozi limetoka Lokiriama. Dereva aliulizia Mama Awoi wa chai, wakamwonyesha. Nilikuwa na unga mpaka viwiko. Nilimkalisha, nikammiminia chai, nikaogopa kumwuliza, nikamwongezea mandazi.

"Nina salamu kutoka kwa mama mzee Akuwam," akasema. "Amesema nikwambie hivi: ngamia sasa anakubali mkono wake. Ameanza kuteremsha vizuri, asubuhi na jioni. Ndama amesimama."

Nyariek akanishika mkono juu ya unga.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Wiki tatu sasa."

"Wiki tatu. Na msichana je? Anarudi lini?"

Alipuliza chai, akanywa kidogo, akatazama kikombe.

"Hilo sikutumwa, mama."